Mdomo Usiofunga: Kwa Nini Tunamwogopa Klauni

"Mjomba, mbona mdomo wake haufungi?"

Aliyeniuliza ni mpwa wangu wa miaka minne. Alikuwa amejibanza nyuma ya miguu yangu, ameing'ang'ania suruali yangu kwa mikono yote miwili. Ilikuwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, na klauni ndiyo kwanza ameingia: nywele za bandia za rangi ya chungwa, viatu virefu kupita kiasi, uso mweupe pe, na mdomo mwekundu uliopakwa kutoka shavu hadi shavu. Watoto wakubwa walimrukia kwa vifijo. Mpwa wangu aliganda.

Ndipo watu wazima wakaingilia kati. "Nenda kamsalimie! Usiogope, huyu wa kuchekesha tu!" Mmoja akamnyanyua juujuu kumpeleka mbele. Mwingine akatoa simu arekodi. Mtoto akapiga ukelele, si ule wa kudeka, na watu wakaangua kicheko.

Wa kwanza kurudi nyuma alikuwa klauni mwenyewe.

Alisogea hatua mbili tatu, akageukia upande mwingine, akaendelea na watoto waliomtaka. Mimi nikamchukua mpwa wangu tukatoka nje, akatulia upesi. Lakini swali lake sikuwa na jibu lake, na kwa wiki kadhaa limenikaa kichwani kila nikitulia.

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Nilipowauliza watu wazima waliokuwapo, baadhi ya waliocheka kwa sauti kubwa walikiri kwamba hata wao hawapendi klauni awakaribie. Mmoja alisema huwa anavuka barabara akimwona.

Walikuwa wakiicheka hofu wanayoijua.

## Jibu la haraka

Ukimuuliza mtu yeyote kwa nini klauni anatisha, atakutajia filamu. Ni jibu la haki kiasi. Mwaka 1986 ilitoka riwaya maarufu ya kutisha yenye jini linalojigeuza klauni na kuwinda watoto. Mwaka 1990 ikaingia kwenye televisheni, na mwaka 2017 ikarudi kwenye kumbi za sinema kwa kishindo. Vizazi viwili vimelala taa ikiwaka kwa sababu yake.

Na kabla ya riwaya hiyo kulikuwa na mtu wa kweli. John Wayne Gacy, mkandarasi wa viunga vya Chicago, alikuwa akijipaka rangi na kujiita Pogo kwenye sherehe za watoto na shughuli za hisani. Alikamatwa Desemba 1978, akatiwa hatiani mwaka 1980 kwa kuua vijana na wavulana 33, akauawa kwa sindano ya sumu mwaka 1994. Wengi wa wale vijana hakuwavuta kwa uklauni. Aliwavuta kwa ahadi za kazi na pesa na kwa hila. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ile ya uso uliopakwa rangi.

Kwa hiyo nilidhani nimemaliza: muuaji mmoja, riwaya moja, filamu mbili tatu, basi.

Tarehe ndizo zilizonizuia. Mei 1981, watoto wa Brookline na Boston nchini Marekani walianza kuwaeleza wakubwa wao kwamba kuna maklauni ndani ya gari wanaojaribu kuwarubuni wapande. Shule zikapewa tahadhari, polisi wakatafuta, hakupatikana mtu. Muda si mrefu habari kama hizo zikazuka katika miji mingine ya nchi hiyo, na huko nako hakuonekana klauni wala gari. Riwaya ilikuwa bado miaka mitano. Agosti 2016 yakajirudia Greenville, jimbo la South Carolina: watoto walisema wamewaona maklauni ukingoni mwa msitu wakiwaita kwa pesa. Polisi hawakupata ushahidi, lakini ndani ya wiki chache taharuki ilienea Marekani nzima, ikavuka hadi Uingereza, Kanada na Australia. Filamu ya 2017 ilikuwa bado kutoka.

Mtu anaweza kunijibu kwamba Gacy alitangulia yote hayo. Sawa. Lakini rudi nyuma zaidi. Mwaka 1892 huko Milan ilionyeshwa kwa mara ya kwanza opera ya mtunzi Leoncavallo, Pagliacci, mchezo wa kuimbwa ambamo mchekeshaji aliyepaka uso anamuua mkewe mbele ya watazamaji wanaodhani ni mchezo. Mwaka 1836, Jean-Gaspard Deburau, klauni aliyependwa kuliko wote jijini Paris, alikuwa akitembea na familia yake pale kijana mmoja alipomfuata akimtania kwa jina la jukwaani. Deburau alimpiga kwa fimbo yake ya kutembelea. Kijana akafa. Mahakama ilimwachia huru, ila Paris haikusahau kwamba yule mweupe, mpole, asiyesema neno, alikuwa na mkono mzito hivyo.

Filamu ziliikuta hofu ipo. Zikailisha, zikanenepa nayo.

## Uso usiojibu

Nilirudi basi kwenye swali la mtoto. Mdomo haufungi. Mtoto hakusema lolote kuhusu meno, damu au visu. Hajaona filamu hizo. Yeye aliona tabasamu lisilokoma.

Zaidi ya karne moja na nusu iliyopita, mwaka 1862, daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alichapisha kazi yake juu ya misuli ya uso. Aliigusa misuli kwa umeme na kuipiga picha. Akaonyesha kwamba msuli unaovuta pembe za mdomo tunaweza kuuamrisha tukitaka, lakini ule unaozunguka jicho hukunjamana hasa pale furaha inapotoka moyoni. Ndiyo maana mtu akikuchekea kwa mdomo tu unahisi kitu hakijakaa sawa hata kabla hujajua ni nini. Waswahili wanasema si kila anayekuchekea anakupenda, na tumejifunza kuyaangalia macho.

Sasa chukua tabasamu la mdomo peke yake, likuze mara tatu, lipake wekundu, kisha ulifunge hapo lisishuke. Nyusi zichore juu ya paji la uso, mbali na zile halisi. Chini ya rangi hiyo mtu anaweza kuwa amechoka, ana hasira, ana njaa, au anafurahi kweli. Wewe hutajua. Kila dakika uso unakupa habari ileile.

Kuna jaribio moja linaloumiza hata kulisoma. Mwanasaikolojia Edward Tronick na wenzake, katika miaka ya 1970, walimwomba mama acheze na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha kwa dakika chache auache uso wake mtupu, amtazame mtoto bila kujibu chochote. Mtoto hutabasamu ili kumwamsha. Hunyoosha mikono. Hutoa sauti. Uso usipojibu, hugeuka pembeni, mwili unalegea, na mara nyingi hulia. Huyo ni mtoto wa miezi michache, asiyejua neno hata moja, na tayari anajua kwamba uso wa mtu ni kitu cha kujibizana nacho.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha South Wales, wakiongozwa na Philip Tyson, waliwahoji watu wazima 987 kutoka nchi 64. Asilimia 53.5 walisema wanawaogopa maklauni kwa kiasi fulani, na asilimia 5 walisema wanawaogopa kupita kiasi. Nilishtuka, maana zaidi ya nusu si kundi dogo la watu wenye wasiwasi. Watafiti wakawauliza wale wanaoogopa: hofu yenu imetoka wapi? Maelezo yaliyokubalika kuliko yote ni kwamba rangi inaficha hisia, mtu hawezi kujua klauni anakusudia nini. Filamu na habari zikaja nyuma yake. Lililokubalika kidogo kuliko yote ni kwamba waliwahi kutendewa jambo baya na klauni.

Hilo la mwisho nililisoma tena na tena. Watu hawa, kwa sehemu kubwa, hawakuumizwa na klauni yeyote. Waliangalia uso, wakauliza swali la kimya tunaloulizana binadamu wote, hawakujibiwa.

## Lakini daktari naye huvaa barakoa

Hapa ndipo maelezo yangu yalipoanza kuyumba.

Kama shida ni uso uliofichwa, mbona daktari wa upasuaji hatutishi vile? Amefunika pua na mdomo, amebakiza macho. Mbona mwendesha pikipiki mwenye kofia ngumu nyeusi anapita na hatukimbii? Uso wao umefichwa kuliko wa klauni. Nilijaribu kulipuuza hili, sikuweza.

Nadhani jibu lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba barakoa inanyamaza tu. Haikuambii daktari anafurahi. Inasema: hapa hakuna habari, tafuta kwingine. Rangi ya klauni inatoa habari, tena kwa kelele, na habari yenyewe haina uhusiano na mtu aliye ndani. Anayekunyima habari unaweza kuishi naye. Anayekupa ya uongo inabidi umchunge.

Upande wa pili ni kazi yenyewe. Daktari tunajua atafanya nini. Klauni ameajiriwa ili tusijue. Atakumwagia maji kutoka kwenye ua alilobandika kifuani, atakunyang'anya kofia, atakaa mapajani pako, atakuita mbele ya umati na kukufanya sehemu ya mzaha. Hii ni ruhusa ya zamani sana. Wachekeshaji wa majumba ya wafalme wa Ulaya waliweza kusema mbele ya mfalme maneno ambayo mwingine angeyalipia kwa shingo. Kwa Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, maklauni watakatifu huvunja miiko hadharani katikati ya ibada, na jamii inaelewa kwa nini. Kila mahali klauni amepewa kibali cha kuvuka mpaka ambao sisi wengine hatuvuki.

Mwaka 2016 Frank McAndrew na Sara Koehnke wa Chuo cha Knox, Illinois, walichapisha utafiti wao juu ya kile kinachomfanya mtu aonekane wa kutia kinyaa cha woga, ile hali ya nywele kukusimama bila sababu unayoweza kuitaja. Waliwauliza watu 1,341. Katika orodha ya kazi walizopewa, klauni ndiye aliyeongoza. Maelezo yao yamenisaidia: hali hiyo hutupata pale tusipojua kama kuna hatari au hakuna. Mtu mwenye panga tunajua la kufanya, tunakimbia. Mtu anayecheka huku hatujui anawaza nini anatuacha tumesimama, mguu mmoja mbele, mmoja nyuma. Ukikimbia utaonekana mjinga. Ukibaki, hujui.

Na kumbuka umo ndani ya sherehe. Wote wanacheka. Kukataa mzaha ni kuharibu shughuli ya watu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hofu hii ina mtu wa tatu ndani yake. Kuna klauni, kuna anayeogopa, na kuna umati unaosema "acha hizo, anachekesha."

## Paka aliyegeuka mbwa

Kwa watoto wadogo jambo ni zito zaidi, na natamani kila mzazi angelijua kabla hajamsukuma mtoto mbele.

Mwaka 1969 mwanasaikolojia Rheta De Vries alieleza majaribio aliyofanya na paka mpole aitwaye Maynard. Watoto wa miaka mitatu hadi sita waliruhusiwa kwanza kumpapasa paka huyo. Kisha sehemu ya mbele ya paka ikafichwa nyuma ya kizuizi, huku mgongo na mkia wake vikibaki mbele ya macho ya watoto muda wote, akavalishwa kinyago cha mbwa mkali. Paka akatolewa. Huyu ni mnyama gani?

Wengi wa watoto wa miaka mitatu waliamini amekuwa mbwa. Baadhi waliogopa kumgusa tena. Wa miaka sita, kwa kawaida, walijua ni paka yuleyule aliyevalishwa.

Mkia haukuondoka machoni pao! Bado sura mpya iliushinda.

Kwa mtoto wa umri huo, maneno "huyu ni mtu tu amejipaka rangi" hayana pa kushika. Kwake sura na kitu chenyewe bado havijaachana. Mwanamume aliyejipaka mdomo mkubwa mwekundu ndiye kiumbe mwenye mdomo mkubwa mwekundu usiofunga. Tukimwambia "usiogope, si kweli," tunamtaka aamini jambo ambalo akili yake haijaanza kuliweza, tena wakati moyo unamdunda. Na tukimnyanyua kumpeleka karibu, anajifunza jambo jingine kabisa: kwamba watu anaowategemea wamkinge ndio wanaomkabidhi.

Hilo la pili ndilo linalonikosesha raha kuliko rangi yoyote.

## Mita kumi na tatu

Nilitaka pia kujua nani aliyeupaka uso huu kwa mara ya kwanza, na nikamkuta mtu ambaye sikutegemea kumhurumia kiasi hiki.

Joseph Grimaldi alizaliwa London mwaka 1778. Ndiye aliyemgeuza klauni wa jukwaani kuwa kama tunavyomjua: uso mweupe, madoa mekundu mashavuni, mdomo uliokuzwa. London ilimpenda hadi ikapitiliza. Nje ya jukwaa maisha yalimtwanga. Mke wake wa kwanza alifariki katika uzazi. Mwanawe, aliyeingia kazi hiyohiyo, aliharibikiwa na ulevi akafa mwaka 1832. Mwili wa Grimaldi uliumizwa na kuruka na kuanguka kwa miaka mingi, hata alipoaga jukwaa mwaka 1828 ilibidi aigize ameketi. Alifariki mwaka 1837, na mwaka uliofuata kumbukumbu zake zikatoka zikiwa zimehaririwa na Charles Dickens. Tangu hapo watu walijua kwamba chini ya rangi kunaweza kuwa na majonzi. Hadi leo, kila mwaka mwezi Februari, maklauni hukusanyika kanisani mashariki mwa London wakiwa na rangi na mavazi yao kamili, kumkumbuka.

Nikajiuliza: kwa nini alijipaka vile?

Fikiria kumbi alizofanyia kazi. Drury Lane, Covent Garden, kumbi za kuchukua maelfu ya watu, zenye taa za mishumaa na mafuta. Aliyekaa juu nyuma kabisa alilipa ili acheke, na kutoka kule uso wa kawaida hauonekani. Weupe na wekundu ulikuwa njia ya kuupeleka uso hadi kiti cha mwisho. Sarakasi nayo ilikuwa hivyohivyo. Philip Astley, aliyeianzisha London mwaka 1768 kwa michezo ya farasi, alifikia duara lenye kipenyo cha takriban mita 13, kipimo kinachotumika hata sasa, kwa sababu ndicho kilichomfaa mpanda farasi kusimama mgongoni mwa farasi anayekimbia. Klauni alijaza nafasi kati ya mchezo na mchezo. Uso wake ulitengenezwa kwa ajili ya mtu aliye ng'ambo ya duara lile.

Uso wa klauni ni uso wa mbali.

Mbali huko, rangi inasaidia kusoma hisia. Tabasamu lake linakufikia, huzuni yake inakufikia, na mwili wote unaonekana, mabega yakishuka unayaona. Tena umekaa kwenye kiti chako, kuna ukingo kati yenu, yeye yuko kwake.

Kisha akaanza kusogezwa. Mwaka 1946 Bozo alizaliwa kwenye rekodi za hadithi za watoto za kampuni ya Capitol, mwaka 1949 akaingia kwenye televisheni huko Los Angeles, na baadaye miji mingi ya Marekani ikawa na Bozo wake. Kamera ikamleta uso kwa uso sebuleni. Kisha akatoka kwenye televisheni akaja mwenyewe, kwenye migahawa, madukani, kwenye sherehe za nyumbani, akiinama kumpa mtoto puto. Rangi ya mita 13 ikawa sentimita 30 kutoka kwenye pua ya mtoto wa miaka mitatu.

Kwa umbali huo ngozi inaonekana chini ya weupe. Nyufa za rangi zinaonekana. Midomo halisi inaonekana ikitembea ndani ya ile iliyochorwa. Mtaalamu wa roboti wa Kijapani Masahiro Mori aliandika mwaka 1970 kwamba kitu kikikaribia sana sura ya binadamu bila kuifikia, mapenzi yetu kwake hushuka ghafla na kuwa karaha. Yeye alikuwa akizungumzia roboti na mikono ya bandia. Lakini midomo miwili, mmoja juu ya mwingine, nadhani inaingia humo.

## Kumi na wanne kati ya 1,160

Kufikia hapa nilikuwa karibu niandike kwamba klauni apumzishwe, asionyeshwe watoto. Nilikuwa hata na ushahidi: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield waliwauliza watoto zaidi ya 250, wa miaka 4 hadi 16, wangependa kuta za wodi zipambwe vipi. Hawakutaka picha za klauni, hata wale wenye umri mkubwa zaidi.

Kisha nikasoma habari za hospitali ya Carmel, Haifa, kaskazini mwa Israeli.

Mwaka 2017 madaktari wa huko walichapisha walichokiona kwa watoto 1,160 waliotembelewa na maklauni wa hospitali. Walioogopa walikuwa 14. Asilimia 1.2.

Najua namba hii na ile ya asilimia 53.5 hazipimi kitu kimoja. Kule ni watu wazima wakijieleza wenyewe, huku ni watoto walioangaliwa na wengine. Lakini pengo ni kubwa mno kulipuuza, tena hawa ni watoto wagonjwa, mahali pa sindano na harufu ya dawa, ambapo ungetegemea hofu iwe maradufu.

Maklauni wa hospitali walianza kama kazi rasmi New York mwaka 1986, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple alipoanzisha mpango wa kuwapeleka wodini. Tangu hapo wameenea nchi nyingi. Mwaka 2005 Laura Vagnoli na wenzake wa Florence, Italia, walionyesha kwamba watoto waliosindikizwa na maklauni pamoja na mzazi hadi kwenye chumba cha kupewa nusukaputi walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko waliosindikizwa na mzazi peke yake. (Wahudumu wengi wa chumba hicho, lazima niseme, waliona maklauni wanawakwamisha kazi.) Klauni yuleyule tunayemkimbia anamtuliza mtoto anayepelekwa kupasuliwa.

Tofauti iko wapi?

Tazama wanavyofanya kazi. Wengi wao hawajipaki uso mzima. Pua nyekundu, labda doa shavuni, basi. Nyusi ni zao, mdomo ni wao, unafunga na kufunguka. Uso unajibu. Kisha husimama mlangoni. Hubisha hodi. Humuuliza mtoto: niingie? Na mtoto akikataa, wanaondoka. Fikiria maana ya hilo kwa mtoto ambaye siku nzima hana sauti: anachomwa bila kuulizwa, analazwa bila kuulizwa, anaamshwa usiku apimwe joto. Klauni ndiye mtu pekee wodini anayeweza kumwambia "nenda" na akaenda kweli. Wapo watoto wanaomfukuza, wakamwita tena, wakamfukuza, na huo wenyewe ukawa mchezo.

Picha ukutani haibishi hodi. Huwezi kuiambia iondoke. Nadhani ndiyo maana watoto wa Sheffield waliikataa.

Hapo nilielewa nilichokiona kwenye ile sherehe kwa klauni aliyerudi nyuma. Hakuwa ameudhika. Alikuwa akifanya kazi yake vizuri kuliko sisi tuliomzunguka, kwa sababu alimsikia mtoto akisema hapana, akalichukua neno hilo kama neno.

## Wewe uliye mtu mzima

Nimeandikiwa na watu kadhaa tangu nianze kuuliza maswali haya, na wengine wako kwenye ile asilimia 5. Hawaingii ukumbi bila kuuliza nani amealikwa. Wanazima televisheni. Wanaona aibu, maana kila wakisema, mtu anacheka.

Mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumika Marekani, DSM-5, hauna ukurasa wa klauni peke yake. Hofu hii, ikiwa imedumu, kwa kawaida miezi sita au zaidi, na inakuzuia kuishi maisha yako, huhesabiwa pamoja na hofu nyingine za kitu maalumu, kama za urefu au za wanyama. Na hofu za aina hiyo ziko kati ya zinazotibika vizuri zaidi. Tiba yake ni kuikaribia hofu kidogo kidogo pamoja na mtaalamu. Unaweza kuanza na neno, kisha mchoro, picha, video isiyo na sauti, pua ya plastiki juu ya meza. Baadaye, ukiwa tayari, mtu asiye na rangi anajipaka mbele yako, sehemu moja baada ya nyingine, ukimwona tangu mwanzo ni nani.

Kuna wanaojaribu njia ya mkato, rafiki anakuletea klauni kwa kushtukiza ili "uzoee." Huko ni kukunyanyua juujuu na kukupeleka mbele, na mara nyingi hofu hutoka pale imekomaa zaidi. Katika tiba inayofaa, kasi unaipanga wewe na mtaalamu mkikubaliana, na hakuna hatua utakayoshtukizwa nayo. Kwa hiyo ukimpata mtaalamu, kabla hata hajakuonyesha picha ya kwanza, muulize: nikisema basi, itakuwa basi? Akisita, tafuta mwingine.